Kutoa Rangi na Mafuta ya Mimea kwa Maji ya Zaidi ya Digrii 100: Mwongozo Kamili kwa Wenzangu wa Lamu

Kila jioni soko la Lamu, pale ubavuni mwa ngome, hufagiwa na maganda ya vitunguu hutupwa. Yale maganda makavu ya nje yana kwersetini kwa wingi, na kwersetini ni rangi ya manjano inayoshika vizuri kwenye uzi uliotiwa shabu. Ukiyachemsha kwenye sufuria ya kawaida, maji hupata rangi, lakini sehemu kubwa ya kwersetini hubaki kwenye ganda na kwenda jalalani. Maabara nyingi huitoa kwa kuloweka maganda ndani ya ethanoli au methanoli, ambazo ni aina za spiriti. Hapa nitaeleza njia nyingine: maji matupu, yaliyopashwa moto kupita digrii 100 za Selisiasi huku yamefungiwa ndani ya chombo kinachostahimili presha, yasipate nafasi ya kugeuka mvuke.

Naipenda njia hii kwa sababu zinazotuhusu sisi hasa. Methanoli ni sumu, hupofusha na kuua. Ethanoli na heksani (kiyeyushi kingine cha maabara) hushika moto upesi, na katika mji wa vichochoro vyembamba kama huu, nyumba zimebanana, sitaki mtu aweke madebe ya viyeyushi chini ya ngazi. Isitoshe, wengi wanaotengeneza manukato na mafuta ya kujipaka hapa Amu hawataki spiriti ndani ya bidhaa zao. Maji hayana matatizo hayo. Tatizo lake ni moja, nalo ni presha. Hilo nitalieleza kwa urefu, maana ndilo linaloumiza watu.

Maji yakizidi moto hubadilika tabia

Molekuli ya maji ina upande wenye chaji chanya na upande wenye chaji hasi. Kwa hivyo molekuli hizo hushikana kwa nguvu, na huyeyusha vizuri vitu vyenye asili kama yao: chumvi, sukari, taanini (ule ukakasi wa magome na majani ya chai). Ndiyo maana wazee waliotaka kukoza nyavu na ngozi kwa magome ya mikoko hawakuhitaji zaidi ya sufuria na kuni. Taanini hutoka kwa maji yanayochemka. Mafuta yenye harufu na vitu kama kwersetini ni habari nyingine. Haviingii kirahisi katikati ya molekuli zilizoshikana hivyo.

Wanakemia huipima tabia hii kwa namba iitwayo thabiti ya dielektriki. Maji ya digrii 25 yana takriban 78. Yakifika 100 hushuka hadi kama 55, yakifika 200 huwa kama 35, na kwenye 250 huwa kama 27. Sasa tazama methanoli kwenye joto la kawaida: 33. Ethanoli: 24. Yaani kwa kupandisha joto peke yake umeyasogeza maji mpaka jirani na spiriti, bila kutia hata tone la spiriti. Ukiyapoza yanarudi kuwa maji yale yale, na kilichoyeyuka hujitenga chenyewe. Hilo la pili ndilo zuri zaidi, kwa sababu huhitaji kuvukiza kiyeyushi ili upate ulichokitafuta.

Kwersetini inaonyesha jambo hili waziwazi. Kwenye digrii 25, lita moja ya maji hubeba takriban miligramu 2 tu. Kwenye digrii 140 hubeba zaidi ya miligramu 600, karibu mara 300. Watafiti wa Korea Kusini waliochapisha kazi yao mwaka 2011 walipata mavuno makubwa zaidi ya maganda ya vitunguu kwenye digrii 165 kwa dakika 15: kama miligramu 16 kwa kila gramu ya ganda, takriban mara nane ya walichopata kwa ethanoli.

Joto pia huyafanya maji kuwa mepesi. Mnato wake kwenye digrii 200 ni chini ya sehemu moja ya tano ya ule wa maji ya mtungi, na mvutano wa uso wake hupungua karibu nusu, hivyo hupenya ndani ya seli za mmea ambamo maji ya kawaida huishia mlangoni.

Kufungia maji ndani ya chungu si jambo geni. Denis Papin, Mfaransa, alitengeneza chungu chake cha presha mwaka 1679. Kuyatumia maji hayo kama kiyeyushi cha maabara kulishika kasi miaka ya 1990, baada ya Steven Hawthorne na wenzake huko Marekani kuonyesha mwaka 1994 kwamba yanaweza kutoa uchafu wa kikaboni kwenye udongo. Mpaka wa mwisho ni digrii 374 na baa 221 (baa ni kipimo cha presha, moja ni karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida). Kupita hapo maji si kioevu tena wala si mvuke. Sisi hatuendi huko. Kazi yote ya mwongozo huu iko kati ya digrii 115 na 165.

Presha ni mtumishi wa joto

Kazi ya presha ni moja tu, kuyazuia maji yasichemke. Kwenye digrii 120 inatosha baa 2. Kwenye 150 ni karibu baa 5, kwenye 165 ni baa 7, kwenye 200 ni baa 15 na nusu, na kwenye 250 ni baa 40. Kuongeza presha zaidi ya hapo hakuyeyushi zaidi kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo mtu akikuambia chombo chake kinafika baa mia, muulize joto. Joto ndilo linalofanya kazi.

Mambo mawili uyashike kabla ya kugusa kitu chochote.

La kwanza, maji hutanuka. Lita moja ya maji ya kawaida ikipashwa hadi digrii 200 huwa lita 1.15 hivi. Ukijaza chombo hadi mdomoni na kukifunga, hayo maji ya ziada hayana pa kwenda, na maji hayabanwi. Presha itapanda kupita hesabu zote nilizokupa, mpaka chuma kiachie. Daima acha theluthi moja ya chombo wazi.

La pili, maji hayo yakiachiliwa ghafla hugeuka mvuke papo hapo. Ya digrii 200, karibu sehemu moja ya tano hulipuka kuwa mvuke mara tu presha inapotoka. Ya digrii 120 ni kama asilimia 4, na usidharau asilimia 4: mvuke hujaza nafasi kama mara 1,600 ya maji yaliyoutoa, na unatosha kumbabua mtu uso na macho.

Kwa hiyo usijitengenezee chombo cha presha. Si kwa bomba la maji, si kwa mtungi wa gesi wa zamani, si kwa chombo cha kuzimia moto kilichokatwa na kuchomelewa. Fundi wa kuchomelea anaweza kuwa hodari wa mageti na nanga, lakini mshono wa chombo cha presha hupimwa kwa vifaa ambavyo karakana zetu hazina. Kwa wanaofikiria biashara, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka vyombo vya mvuke vikaguliwe kila baada ya muda na mtu aliyeidhinishwa. Sheria hiyo ipo kwa sababu vyombo hivyo vimeua.

Chagua ngazi yako

Kuna ngazi mbili ninazozipendekeza. Ya kwanza ni sufuria ya presha ya jikoni, ya stenlesi. Hapa kwetu usawa wa bahari, sufuria nzuri hufikisha maji digrii 115 hadi 121. Inamtosha mtu anayetaka kukoza uzi, na kila anayeanza aanzie hapo.

Ya pili ni chombo kidogo cha maabara: gamba nene la stenlesi lenye mfuniko wa skrubu, na ndani yake kikombe cha tefloni chenye kifuniko chake. Huuzwa kwa ajili ya maabara za kemia, cha mililita 50 au 100, na vingi hupewa kikomo cha digrii 220 na baa 30. Soma kikomo kilichoandikwa kwenye chombo chako, kisipoandikwa, usikinunue. Hupashwa ndani ya oveni ya maabara yenye kidhibiti joto. Ngazi hii ni ya chumba cha maabara cha shule au chuo, pamoja na mtu aliyezoea maabara. Udogo wake ni sehemu ya usalama wake, kwa hivyo usitamani cha lita tano.

Sufuria ya alumini iache kwa maharagwe. Kwersetini hushikana na alumini, na rangi itabadilika kabla hujaanza.

Maji yenyewe: chumvi ni adui

Hapa Lamu jambo hili lina uzito kuliko kwingine. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvi, na yale matamu yanatoka upande wa michanga ya Shela. Chumvi ndani ya maji ya moto hushambulia stenlesi. Kuanzia kama digrii 60, kloraidi iliyomo kwenye chumvi inaweza kuufungulia uso wa chuma nyufa nyembamba zisizoonekana kwa jicho, na ufa huo hukua kila mara chombo kinapobanwa na presha. Siku ya kupasuka haitoi taarifa. Usitie maji ya bahari wala ya kisima cha chumvi ndani ya chombo cha presha cha stenlesi, hata mara moja.

Tumia maji ya mvua, yale ya jabia safi au tangi, baada ya mvua za mwanzo kusafisha paa na chumvi ya upepo wa bahari. Maji yaliyotoneshwa ni bora zaidi. Huuzwa kwa ajili ya kuongezea betri za gari, ila soma lebo vizuri: asidi ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana, na ukikosea utaharibu chombo na mapafu.

Kabla ya kazi, chemsha maji hayo dakika 15 kwenye birika wazi, kisha yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Kuchemsha hufukuza oksijeni iliyoyeyuka ndani. Ikibaki, joto likipanda itaunguza vitu kama kwersetini na eujenoli (kiini cha harufu ya karafuu), na utaona umepata kahawia badala ya manjano.

Kuandaa maganda

Chukua maganda makavu ya nje tu, ya vitunguu vyekundu au vya kahawia. Lile ganda la pili lenye unyevu lina sukari nyingi, na sukari itatuletea taabu baadaye. Pepeta vumbi, kisha suuza kwa maji baridi. Usiogope kupoteza rangi. Umeshaona kwamba maji baridi hayana nguvu juu ya kwersetini. Anika kivulini, si juani, mpaka yavunjike vidoleni. Msimu wa kusi hewa huwa nzito na maganda hurudia unyevu usiku, basi yakikauka yafunge kwenye chupa siku hiyo hiyo.

Yasagie kwa mkono mpaka yawe na ukubwa wa majani ya chai. Usifanye unga. Unga hufunga kitambaa cha kuchujia na, kwenye sufuria ya presha, huziba tundu la mvuke.

Kipimo ni gramu 1 ya ganda kwa mililita 30 za maji. Hesabu yake iko hivi: gramu 1 ina takriban miligramu 16 za kwersetini, ndani ya mililita 30 hiyo ni kama miligramu 530 kwa lita, ambayo bado iko chini ya uwezo wa maji ya digrii 140. Ukibana maganda mengi kwenye maji machache, maji hushiba na kilichobaki hakitoki.

Ngazi ya kwanza: sufuria ya presha

Kagua vali kwanza. Ishike juu, uone mwanga kupitia tundu lake. Pete ya mpira ya mfuniko isiwe na ufa wala isiwe imekakamaa. Kasoro yoyote hapo, kazi isianze.

Maganda hayakai kwenye sufuria moja kwa moja. Yatie gramu 10 pamoja na mililita 300 za maji ndani ya kopo refu la stenlesi lisilojaa kupita nusu, ulifunike kwa kisahani cha stenlesi kilichokaa tu juu bila kubana. Weka kopo juu ya kigoda cha chuma ndani ya sufuria, na chini mimina maji mengine kiasi kinachoelekezwa na mtengenezaji. Kwa mpangilio huu kipande cha ganda hakiwezi kupanda na kuziba vali, na kopo lina presha sawa ndani na nje.

Funga, washa moto, ngoja mvuke utoke mfululizo kabla ya kuweka kizito chake ili hewa iondoke. Hewa ikibaki joto halifiki linapopaswa. Kizito kikianza kuvuma, punguza moto mpaka kivume polepole, hesabu dakika 30, kisha zima.

Sasa usiguse. Usiinue kizito, usimwagie mfuniko maji baridi. Ndani ya kopo kuna kioevu cha digrii karibu 120. Ukiondoa presha kwa ghafla kitachemka chote kwa pamoja na kufurika, na utapoteza mavuno au utaungua. Ngoja kijiti cha usalama kishuke chenyewe, fungua mfuniko ukiuelekeza mbali na uso, kisha chuja mara moja, kikiwa bado cha moto, kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila sabuni yenye harufu. Uharaka huu una sababu: kila digrii inayoshuka, kwersetini inatoka kwenye maji na kurudi kukaa juu ya maganda.

Ngazi ya pili: chombo cha maabara

Anza na maji matupu. Jaza theluthi mbili, funga, pima chombo kizima kwenye mizani, kipashe hadi digrii 120 kwa saa moja, kiache kipoe kabisa, kisha pima tena. Ikiwa uzito umepungua gramu moja au zaidi, kifuniko cha tefloni hakikai sawa. Tefloni hulegea na kubonyea kadiri inavyotumika, kwa hivyo rudia jaribio hili kila unapotilia shaka. Mizani ya jikoni ya kilo 5 inayosoma gramu moja inatosha.

Kwa kikombe cha mililita 100, weka gramu 2 za maganda ndani ya kikapu kidogo cha wavu wa stenlesi, kama kile cha kuloweka majani ya chai, na mililita 60 za maji. Kwenye digrii 165 maji hayo yatakuwa kama mililita 66, na presha ya mvuke pamoja na hewa iliyofungiwa itakuwa kama baa 9. Kikomo cha chombo ni 30. Nafasi hiyo ya katikati ndiyo usalama wako, usiile.

Futa mdomo wa kikombe cha tefloni kwa kitambaa kikavu. Chembe moja ya ganda iliyonaswa pale inatosha kufanya mvuke upenye. Weka kifuniko, kisha kisahani cha chuma, kisha zungusha mfuniko kwa mkono mpaka ukaze, na umalizie kwa wenzo uliokuja na chombo. Usitumie spana ndefu ya gari. Utaharibu nyuzi za skrubu.

Weka chombo katikati ya oveni iliyo baridi, kikisimama wima. Weka na kipimajoto cha pili ndani, maana vidhibiti vya oveni hudanganya. Usitumie jiko la makaa, la gesi wala sahani ya umeme. Moto wa chini hupita kikomo sehemu moja huku nyingine bado baridi, na tefloni ikipita digrii 260 huanza kuharibika na kutoa moshi wenye sumu. Pandisha joto taratibu hadi 150. Nimechagua 150 badala ya 165 kwa makusudi: watafiti walitumia mtambo unaopashwa na kupozwa kwa dakika, ilhali gamba nene lenye tefloni huchukua muda mrefu kupata moto na muda mrefu zaidi kupoa, kwa hivyo maganda yako yatakaa motoni kuliko yao. Oveni ikifika 150, iache saa moja na nusu, kisha zima.

Miwani ya kinga uivae tangu unapofunga mpaka unapofungua. Mlango wa oveni usielekee mahali watu wanapokaa. Stima ikipotea katikati ya kazi, acha kila kitu kilivyo. Chombo kitapoa salama chenyewe. Ukisikia mlio wa mvuke, zima umeme kwenye swichi ya ukutani, toka chumbani, usirudi mpaka kipoe.

Chombo hufunguliwa kesho yake. Nje kikiwa vuguvugu, ndani bado kuna joto, kwa sababu tefloni huzuia joto kutoka. Kulegeza mfuniko wa chombo kilicho moto ndiyo ajali kubwa ya kazi hii, na haina haja, kwa kuwa usiku ni bure.

Kasoro ya chombo kilichofungwa ni kwamba kinapopoa, sehemu ya kwersetini hurudi kwenye maganda. Wenye mitambo mikubwa huikwepa kwa kupitisha maji ya moto mfululizo kwa pampu, yakatoka na mzigo wake kabla ya kupoa. Sisi tunatumia kikapu: kitikise ndani ya kioevu, kiinue, kisha mwagia maganda maji yanayochemka kidogo kidogo yakichuruzikia ndani ya kioevu kile kile. Hutapata yote, lakini utapata zaidi ya sufuria.

Kujua ulichopata

Kila mara fanya na jaribio la kulinganisha: uzito ule ule wa maganda, maji yale yale, yachemshwe kwenye digrii 100 kwa muda ule ule. Bila hilo huwezi kusema njia imekusaidia.

Mimina vyote viwili kwenye glasi nyeupe zinazofanana na uviache usiku kucha. Kile cha maji ya kuchemka hubaki chekundu cha kahawia na wazi. Kile cha chombo huanza kupata ukungu, na asubuhi utaona tope laini la manjano limetuama chini, laini kuliko unga wa manjano ya bizari. Hilo ndilo zao lako, na limejitenga bila kutia chochote. Mwaga maji ya juu kwa uangalifu, kausha tope kwenye sahani kivulini, pima. Si kwersetini safi, ina vitu vingine, kwa hivyo usiiuze kama dawa wala usimshauri mtu ainywe.

Thibitisha kwa matone mawili. Chukua kioevu kidogo, tia chembe ya shabu: manjano hung'aa papo hapo. Chukua kingine, tia tone la siki iliyolowekwa misumari yenye kutu: huwa kijani cheusi kama majani ya mzeituni. Majibu hayo yote mawili yakitokea, una kemikali za jamii ya kwersetini.

Wanaoshona kofia za vito (zile za kudarizi) na wanataka uzi wa manjano wakumbuke kwamba pamba haishiki shabu vizuri peke yake. Iloweke kwanza kwenye maji ya taanini, kisha shabu, kisha rangi. Magome ya mkandaa, aina ya mkoko, yanayobaki kwa wenye leseni ya kukata boriti yanafaa kwa taanini, ingawa yatatia wekundu kidogo.

Karafuu, kwa wanaotaka mafuta

Karafuu nzuri ina mafuta asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli. Watafiti wa Uingereza walionyesha mwaka 1999 kwamba maji ya digrii 150 hivi huitoa vizuri. Utaratibu ni ule ule wa chombo: gramu 4 za karafuu zilizopondwa nusu nusu, mililita 60 za maji, digrii 140 hadi 150, saa moja.

Ukifungua, utaona maji meupe kama tui jepesi, na harufu itajaza chumba. Weupe huo ni matone madogo ya mafuta yasiyoweza kuyeyuka tena baada ya maji kupoa. Usiyatafute juu. Eujenoli ni nzito kuliko maji, hushuka chini. Lita ya maji baridi huendelea kubeba kama gramu 2.4 za eujenoli, kwa hivyo mililita 60 zako zitabaki na kama gramu 0.14, usiyamwage, yatumie kwa karafuu zinazofuata. Ukitaka mafuta yapande juu ili uyanyonye kwa urahisi, yeyusha chumvi nyingi ndani ya glasi, baada ya kuyatoa kwenye chombo, kamwe si kabla. Hifadhi kwenye chupa ya kioo, maana eujenoli hula baadhi ya plastiki, na usiipake ngozini bila kuipunguza makali kwa mafuta ya nazi au ya simsim.

Kuna faida nyingine hapa kwa wanaohesabu gharama. Kutoa mafuta kwa mvuke kunataka maji yageuke mvuke, na kilo moja ya maji kutoka digrii 30 hadi kuwa mvuke inahitaji kilojuli 2,550 hivi. Kuipasha kilo hiyo hadi 150 ikiwa bado maji kunahitaji kama 500.

Mahali pa kusimama

Si kila mmea unafaidika. Rangi nyekundu ya rozela huharibika kwa joto, itoe kwa maji ya vuguvugu. Pektini (kigandisha jamu) ya maganda ya maembe huanza kukatika ikikaa muda mrefu juu ya digrii 120. Asmini na mawaridi ni laini mno, siyaweki humu. Kuanzia digrii 160 hivi sukari huungua na kushikana na protini, kioevu huwa cheusi na kunuka kama sukari iliyoungua. Kadiri unavyopanda, maji yenyewe huanza kuvunja molekuli za mmea kama asidi na alikali zinavyofanya. Ukinusa harufu hiyo, shuka digrii 10 badala ya kufupisha muda.

Badilisha jambo moja kwa kila jaribio: mara joto, mara muda, mara kipimo cha maji. Andika uzito wa chombo kabla na baada, joto la kipimajoto cha pili, na rangi uliyoiona mchana, kwa sababu taa ya usiku huficha manjano. Baada ya kila kazi osha kikombe cha tefloni kwa maji matamu na sabuni bila kukikwaruza, kausha gamba la chuma mpaka ndani ya nyuzi za skrubu, na ulihifadhi mfuniko ukiwa umeachwa wazi, mbali na dirisha linaloleta upepo wa bahari.